Sanduku la kale la safari: Vuitton, Goyard, Moynat, Mmarekani au Globe-Trotter?

Swali huja kwa sura ileile. Mtu kaona sanduku la kale kwenye mnada wa mtandaoni, au kwenye gulio la Jumapili huko Ulaya anakoishi, kapiga picha tatu zenye giza na kunitumia: "Fundi, hili ni lenyewe? Nilichukue?" Nami namuuliza, unalitakia nini? Hapo wengi hukwama. Yupo anayetaka meza ya sebuleni. Yupo anayetafuta pa kuhifadhi mashuka na kanga za marehemu mama. Yupo anayenunua ili kesho auze kwa bei ya juu. Na yupo yule, siku hizi ni wengi, anayetaka kulishindilia vitu, kulitia kwenye kontena pamoja na magodoro na friji, na kulishusha Dar es Salaam au Mombasa. Watu wanne hao, hata wakisimama mbele ya meza moja, wasinunue sanduku moja.

Kazi yangu ni kukarabati samani za kale, na masanduku yaliyopita mikononi mwangu yanatosha kunichafua kucha. Nitakayoyalinganisha ni yale yanayoulizwa zaidi: Wafaransa watatu, Wamarekani kwa pamoja, na Mwingereza mmoja. Niseme mapema ninavyoyaona. Kila karakana kati ya hizi ilikuwa inatatua usumbufu wa chombo fulani cha usafiri. Ukijua sanduku lilitengenezwa lipande nini, utajua litakufaa au litakusumbua. Jina na bei vitafuata.

Vuitton: sanduku la behewa na ngama

Zamani tajiri wa Paris hakufunga mizigo yake. Aliita fundi nyumbani. Fundi akapima magauni na makofia, akaenda kuunda kasha la kuyatosha, akarudi kuyakunja na kuyapanga kwa mkono wake. Louis Vuitton alilelewa katika ufundi huo. Alizaliwa mwaka 1821 katika kijiji cha Anchay, Jura, akaondoka kwao akiwa na miaka 14 na kwenda Paris kwa miguu, njiani akifanya vibarua. Safari ilimchukua miaka miwili. Akawa mwanagenzi wa fundi Maréchal, akakaa hapo miaka 17, mpaka akawa ndiye mpangaji wa mizigo ya Eugénie, mke wa Napoleon III, mtawala wa Ufaransa. Mwaka 1854 akafungua duka lake, na mwaka 1858 akatoa sanduku lililobadilisha biashara nzima: lenye kifuniko bapa, limevikwa turubai la kijivu.

Bapa tu? Ndiyo, bapa tu. Masanduku mengi ya kabla yake yalikuwa na mgongo wa nundu ili maji ya mvua yateremke, maana mzigo ulisafiri juu ya paa la gari la farasi. Treni na meli ya moshi zikaleta shida nyingine: mizigo inapangwa ndani, mmoja juu ya mwingine, na juu ya nundu hakikai kitu. Turubai nalo lilikuwa jepesi kuliko ngozi, wala halikuvunda upesi likilowa.

Waigaji hawakuchelewa. Mwaka 1872 akabadili turubai kuwa la milia. Mwaka 1888 ikaja ile ya miraba kama ubao wa drafti, na ndani ya baadhi ya miraba yameandikwa maneno ya Kifaransa kuonyesha kwamba nembo imesajiliwa. Mwaka 1896, miaka minne baada ya mzee kufariki, mwanawe Georges akatoa zile herufi L na V zilizopishana katikati ya maua. Ndiyo hiyohiyo unayoiona leo kwenye mikoba bandia iliyotundikwa Kariakoo. Ilibuniwa kuwa dawa ya kuigwa.

Kinachonivutia mimi zaidi ni kitasa. Tangu mwaka 1886 baba na mwana walianza kutumia kitasa kimoja chenye buckle mbili za springi, na hatimaye mteja mwenye masanduku kumi aliweza kuyafungua yote kwa ufunguo wake mmoja, ilhali ufunguo wa jirani yake hauingii hata kwenye moja. Georges alijiamini kiasi cha kumpa Harry Houdini, yule bingwa wa kujinasua kwenye minyororo, changamoto ya hadharani gazetini: afungiwe ndani ya sanduku la Vuitton, atoke. Houdini hakuitika.

Ukipata la kukagua, usianzie nje. Fungua, inamisha kichwa ndani ya kifuniko, tafuta lebo. Anwani iliyochapishwa pale ndiyo saa yake. Duka la 1 Rue Scribe lilifunguliwa mwaka 1871. La Oxford Street, London, mwaka 1885. La 149 New Bond Street mwaka 1900. La 70 Champs-Élysées mwaka 1914. Muuzaji akikuapia kuwa sanduku ni la 1890 huku lebo inasema Champs-Élysées, mpe tabasamu uondoke. Kisha angalia misumari ya shaba kwenye fito za mbao: vichwa vyake vimegongwa jina kwa herufi ndogo mno, utahitaji kioo cha kukuzia. Turubai likiwa laini na linateleza kama plastiki, jiulize mara mbili, kwa sababu turubai laini la namna hiyo lilianza kutumika mwaka 1959.

Jambo moja linawapoteza hata wajuzi. Lebo ina namba na kitasa kina namba, na hizo mbili hazifanani. Nimemwona mnunuzi akiacha sanduku halali kwa sababu hiyo tu. Hazitakiwi kufanana: ya lebo ni ya sanduku, ya kitasa ni ya ufunguo wa mteja.

Karakana hii ilifika hata bara letu, kwa njia yake. Ilitengeneza masanduku ya wavumbuzi wa nchi za mbali, yaliyovikwa zinki au shaba nyekundu ili unyevu usipenye, na sanduku ambalo ukilifungua linakuwa kitanda, la Pierre Savorgnan de Brazza, yule ambaye Brazzaville inabeba jina lake. Nikiiona picha yake siachi kuwaza kichwa kilicholibeba. Kwenye misafara ya Afrika Mashariki, mpagazi alipewa kama ratili 60, kilo 27 hivi, na mwenye kitanda alitembea na fimbo.

Goyard: mzee asiyepiga kelele

Ukimsikia mtu anasema Vuitton ndiye wa kwanza, mwambie karakana iliyokuja kuwa Goyard ilianza mwaka 1792 kwa jina la Martin. Mwaka 1834 ilihamia Rue Saint-Honoré, ikaja kuwa ya Morel, na Morel alipofariki mwanagenzi wake François Goyard akaichukua, mwaka 1853. Mwanawe Edmond alipokea usukani mwaka 1885, na mwaka 1892 akatoa turubai liitwalo Goyardine, lile la vinukta vilivyopangwa kuwa mishale. Familia ilitoka Burgundy, kwa watu waliokuwa wakielekeza magogo mtoni hadi yafike Paris; inasemekana ile mishale ni marundo ya magogo hayo.

Pitisha kidole juu yake. Kwenye turubai la Goyard lililotunzwa, vinukta vinajitokeza, kidole kinavihesabu kama upele. Rangi hupakwa kwa awamu, tabaka juu ya tabaka. Bandia nyingi ni bapa kama karatasi ya zawadi. Lakini uzuri huohuo ndio udhaifu: vinukta vikichubuka pembeni, fundi wa kuvirudisha ni wa kutafuta kwa tochi, na ukijaribu mwenyewe na brashi ya dukani utaharibu moja kwa moja. Nimeletewa moja lililojaribiwa hivyo. Niliosha mikono, nikalirudisha.

Na hapa Goyard anamtesa mnunuzi kuliko Vuitton. Tangu lifike Rue Saint-Honoré, duka halikuhama. Namba ya mlango ilikuwa 347, mwaka 1856 mtaa ukapewa namba upya ikawa 233, na hadi leo ni 233. Kwa hiyo lebo haikuambii mwaka kwa wepesi uleule. Lazima usome bitana, kitasa, na namna fito zilivyokatwa. Kwa mtu wa kwanza kununua, hilo ni gumu. Anayelijua soko hulipenda kwa sababu hiyohiyo, maana wauzaji wengine hawajui walichonacho. Wateja wake walikuwa na mahitaji ya ajabu: Arthur Conan Doyle, mwandishi wa hadithi za Sherlock Holmes, alipata sanduku ambalo likifunguka ni meza ya kuandikia.

Nikilazimishwa kuchagua kati ya hawa wawili, yote mawili ya umri mmoja na hali moja, mimi nabeba Goyard. Vuitton linaingia sebuleni kabla ya mwenye nyumba, na kila mgeni atauliza bei. Lakini kama shabaha yako ni kuuza tena, chukua Vuitton bila kusita, kwa sababu siku ukiwa na shida ya pesa mnunuzi atapatikana wiki hiyohiyo.

Moynat: tumbo lililobonyea

Moynat ni ya mwaka 1849, na jina ni la mwanamke, Pauline Moynat, katika biashara iliyojaa wanaume. Duka lao kubwa lilikuwa Avenue de l'Opéra, mkabala na ukumbi wa tamthilia, tangu mwaka 1869. Walikuwa mapema katika kupambana na maji: walipaka masanduku gutta-percha, utomvu wa miti unaofanana na mpira. Baadaye wakatengeneza masanduku mepesi yenye mifupa ya matete yaliyosukwa badala ya mbao nzito.

Lakini sanduku lao la kuota ni lile la motokaa. Magari ya mwanzoni mwa karne ya 20 yalikuwa na paa lenye mkunjo, na sanduku bapa likiwekwa pale linayumba. Moynat wakalikata tumbo la sanduku likabonyea kufuata mkunjo wa paa, na wakalipaka rangi ya gari la mteja. Ukiliona limewekwa sakafuni linaonekana kama limepinda kwa uzee. Usilipige nyundo kulinyoosha! Mkunjo huo ndio bei yake.

Duka lilifungwa mwaka 1976 na kufufuliwa mwaka 2011. Katikati hapo jina lilisahaulika, ndiyo sababu bado unaweza kukuta Moynat kwenye gulio likiuzwa kwa bei ya sanduku lisilo na baba. Kwa meza ya sebuleni, tafuta lile la kawaida lenye chini bapa; lile la gari halisimami vizuri bila kitako cha kulitengenezea, na kioo hukiwezi juu yake.

Wamarekani: kwa mtu anayetaka kulitumia

Hapa napumua. Masanduku ya Marekani yalitengenezwa kwa wingi mkubwa, na wapakiaji mizigo wa reli zao walikuwa na sifa mbaya ya kuyarusha. Fundi wa kule hakuwaza malkia; aliwaza mtu mwenye mabega mapana na hasira. Ndiyo maana unakuta mbao za msonobari zilizovikwa bati, fito ngumu juu, vyuma kwenye kila kona, na gurudumu dogo chini. Bati lenyewe mara nyingi limegongwa mapambo likaiga ngozi ya mamba. Wengine huona huo ni ushamba. Mimi nauona ucheshi.

Maumbo yana majina. Lile fupi lenye umbo la mkate, likitazamwa ubavuni linafanana na tundu la ufunguo, huitwa Jenny Lind, kwa heshima ya mwimbaji wa Uswidi aliyezunguka Marekani kati ya 1850 na 1852. Makubwa yenye nundu huitwa Saratoga, kwa mji wa mapumziko wa Saratoga Springs ambako mabibi walikwenda na nguo za msimu mzima. Nundu ilidumu Marekani muda mrefu baada ya Vuitton kuiondoa.

Watengenezaji ni wengi, na jina halipandishi bei sana. M. M. Secor alikuwa Racine, Wisconsin. Seward walianza Petersburg, Virginia, mwaka 1878. Shwayder wa Denver walianza mwaka 1910, nao ndio waliokuja kuwa Samsonite, kwa jina la Samsoni wa Biblia. Ninayewapendekeza ni Hartmann, walioanza Milwaukee mwaka 1877 na baadaye kuhamia Racine. Wao ni mabingwa wa sanduku-kabati: unalisimamisha wima, unalifungua kama kitabu, upande mmoja henga za suti, upande wa pili droo sita saba. Hartmann waliweka mto juu, ukifunga unazikandamiza henga zisidondoke njiani.

Moja lilikaa karakanani kwangu majira mazima ya baridi. Droo ya chini ilikuwa ya viatu, na ndani kulibaki pembe ya kupigia kiatu na risiti ya kufulia iliyofifia wino. Kila droo iliteleza bila kukwama. Kasoro yake ni moja: uzito. Likiwa tupu linataka watu wawili, na ngazi za ghorofa ya tatu zitakukumbusha kuwa liliundwa kwa dunia yenye wachukuzi. Kwa bei, sanduku la kawaida la Marekani lenye afya utalipata kwa dola mia mbili au tatu, wakati Vuitton la umri huo ni hesabu ya maelfu.

Globe-Trotter

Hili si sanduku hasa, ni begi gumu la mkononi, lakini wanaliuliza. Kampuni ilianzishwa na David Nelken huko Saxony, Ujerumani, mwaka 1897, ikahamia London. Gamba lake ni karatasi nyingi zilizoshikamanishwa kwa kemikali na kugandamizwa hadi zikawa ngumu kama ubao, na jepesi kuliko ngozi. Kampuni husimulia jaribio la mwaka 1912 ambapo tembo alisimamishwa juu ya begi na begi likastahimili. Elizabeth, kabla hajawa malkia wa Uingereza, alilitumia kwenye fungate yake mwaka 1947. Kwa anayesafiri kweli kwa treni wikendi, ni zuri. Kwa meza au ghala la mashuka, pita.

Ukilipeleka pwani

Sasa turudi kwa yule mwenye kontena, maana ndiye anayepata hasara kubwa. Masanduku haya hayakuundwa kuishi Upanga wala Nyali. Karatasi ya bitana ni chakula cha mende. Mbao laini za mpopla na msonobari ni karamu ya mchwa. Bati la Marekani likipigwa na hewa ya chumvi linaota kutu chini ya rangi, huioni mpaka limetoboka. Shaba itageuka kijani, lakini hiyo inafutika. Globe-Trotter ndilo ningelihurumia zaidi: ile karatasi inanyonya unyevu, na masika mawili yanatosha kulifanya lijikunje. Likienda Arusha, Nairobi au Mbeya, hali ni nafuu.

Ukiwa lazima ulipeleke pwani, liinue juu ya vigingi lisiguse sakafu, lisukume mbali na ukuta, na lisifungwe moja kwa moja. Wazee wetu walilijua hilo: makasha ya Zanzibar, mengi yaliyokuja kwa jahazi kutoka India, yana miguu. Tena ni ya msaji, mti ambao mchwa huuogopa, na njumu zake ni za shaba. Kwa nyumba ya Mombasa, kasha zuri la namna hiyo linashinda Mfaransa yeyote niliyemtaja. Na kama haja ni pa kuweka vitu tu, nenda Kamukunji, Nairobi, mafundi wakugongee sanduku jipya la bati kama la shule ya bweni, jina lako juu kwa rangi nyeupe. Nililobeba kidato cha kwanza bado lipo kwa dada yangu, lina unga.

Kwa hiyo, mwenye kutaka kuuza tena: Vuitton lenye lebo, na ulipie mtu wa kulithibitisha. Mwenye jicho na subira: Goyard, au Moynat lililosahauliwa. Meza ya sebuleni Ulaya: Mmarekani mwenye kifuniko bapa, ubakishe pesa za zulia. Mwenye nguo nyingi na chumba cha chini: Hartmann.

Na kabla hujatoa hata senti, ulizia ufunguo. Muuzaji mmoja aliwahi kumpelekea mteja wangu sanduku zuri, limefungwa, ufunguo hakuna, akisema "fundi yeyote atalifungua". Nilikaa nalo siku mbili nikiwa na waya na tochi kwa sababu sikutaka kuvunja kitasa cha miaka mia. Likafunguka. Ndani, juu ya trei, pamefungwa kwa uzi mwekundu, palikuwa na ufunguo.